Machi 8 bajeti imeshapita

Kila mwaka Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, ikikaribia, mafundi cherehani wa Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, hulemewa na vitenge vya sare. Siku yenyewe mabinti wa mitandao ya wasichana, yaani vikundi vilivyoungana kuwatetea, huandamana, hufika uwanjani, na mmoja wao husoma risala mbele ya mgeni rasmi. Risala huwa imeandikwa kwa uchungu: mikopo ya vikundi, vyoo vya mwaloni mitumbwi inakotia nanga, mabinti walioacha shule, taa kwenye njia za giza. Mgeni rasmi hupokea na huahidi kuifikisha panapohusika.

Tatizo haliko kwenye risala wala kwa mgeni rasmi. Liko kwenye tarehe. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Madiwani hupitisha makisio ya halmashauri zao Januari na Februari, makisio yakapanda mkoani, yakaenda TAMISEMI na Hazina, na Aprili Bunge la bajeti linaanza. Kwa hiyo Machi 8, iwe Kakonko au Uvinza, mabinti wanapoomba, fedha ya Julai inayokuja imekwishagawanywa. Ombi lao, hata likikubaliwa kwa moyo mweupe, linasubiri Julai ya mwaka mwingine. Hiyo ni miezi 16. Katika miezi 16 nusu ya walioshika bango wameshaolewa, wamehamia Dar es Salaam au Kahama, au wamechoka.

Mitandao ya wasichana mkoani Kigoma haikosi sauti wala haikosi watu. Inakosa kalenda. Imejifunza kufuata kalenda ya maadhimisho: Machi 8, Juni 16 Siku ya Mtoto wa Afrika, Novemba 25 hadi Desemba 10 siku 16 za kupinga ukatili. Maamuzi ya fedha yana kalenda yake, na kati ya tarehe hizo zote ni zile siku 16 tu zinazoangukia msimu wa kupanga mipango, nazo tunazimaliza kwa makongamano.

Kalenda ya maamuzi ikoje? Anzia chini. Kati ya Oktoba na Desemba vijiji na mitaa huibua vipaumbele kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na kwa utaratibu unatakiwa kufanyika kila miezi 3. Hapo ndipo mahali pekee katika ngazi zote ambapo binti wa miaka 19 ana haki ya kusema na kupiga kura bila kuchaguliwa na mtu. Kipaumbele kilichopita hapo kinaingia kwenye muhtasari, muhtasari unapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Kutoka kwenye kata kinakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, kisha kamati za kudumu za madiwani, kisha baraza. Wataalamu ndio wanaoingiza shughuli kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kupanga bajeti. Shughuli isiyoingizwa humo haina kifungu cha bajeti, na isiyo na kifungu hailipwi, hata mkurugenzi akiitaka.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Unakaa, unasikiliza, huruhusiwi kuchangia. Wengi hukata tamaa wakisikia hivyo. Lakini kwenda pale ni kazi kubwa kuliko kuandamana, kwa sababu diwani anayejua kwamba mabinti 6 wa kata yake wamekaa nyuma na madaftari huzungumza tofauti na diwani asiyeonwa. Tena sehemu ya madiwani huingia kwa viti maalumu, wote wanawake. Hao ndio wa kufuatwa kwanza, na wafuatwe Oktoba, kwa heshima, wakiwa na nafasi ya kusoma karatasi. Kumsubiri mheshimiwa mlangoni siku ya baraza ni kumtia aibu bila faida.

Sasa hiyo karatasi. Mitandao mingi huandika barua ya kurasa 4 yenye maombi 11. Haisomwi. Hoja inayofika mbali ni ya ukurasa mmoja na jambo moja: tatizo ni lipi na liko wapi hasa, linamgusa nani na ni wangapi, linagharimu nini kila mwezi, tunaomba nini, na halmashauri itapata nini. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Diwani anakaa kwenye kamati ya fedha akitafuta mapato, mumpe sababu ya kimapato.

Chukua mfano wa dagaa, kwa kuwa ndio uhai wa Kibirizi, Katonga na mialo mingine ya Ziwa Tanganyika. Wanaoanika ni wanawake, na wengi ni mabinti wanaofanya kibarua kwa akina mama wenye mtaji. Dagaa wakianikwa mchangani hushika mchanga, mbuzi na kuku hupita, na mvua ikinyesha ghafla kati ya Novemba na Aprili hakuna muda wa kuwakusanya. Wakilowa wanavunda, au wanashuka daraja na kuuzwa kama chakula cha kuku. Dawa yake inajulikana, nayo ni chanja: nguzo, mbao za kushikilia, wavu wenye matundu madogo uliovutwa vizuri, urefu wa kiunoni hivi, upepo ukapita juu na chini. Dagaa hukauka haraka zaidi na hutoka bila mchanga. Turubai likikaa kando, mvua ikija linafunika kwa dakika chache.

Mtandao unaotaka chanja za umma kwenye mwalo usiandike "tunaomba tuwezeshwe". Uhesabu. Siku 3 tofauti za giza, yaani zisizo na mbalamwezi, wakati mitumbwi inapoingia na mzigo, mabinti wawili wenye daftari wahesabu wanawake wanaoanika mchangani, ndoo zilizoanikwa, na bei ya ndoo safi dhidi ya bei ya ndoo iliyolowa. Tuseme wamekuta wanawake 40, kila mmoja akipoteza ubora wa ndoo 1 mvua ikinyesha, na tofauti ya bei ni shilingi 20,000. Hiyo ni shilingi 800,000 kwa mvua ya siku moja kwenye mwalo mmoja. Mzigo ulioharibika hausafiri kwenda masoko ya mbali, na usiposafiri hauleti ushuru. Hapo diwani ana la kusema kikaoni, na mtaalamu wa uvuvi ana takwimu ya kuweka kwenye mpango. Tarakimu zenu ziwe za kweli, kwa sababu afisa uvuvi anaujua mwalo, na mkikutwa mmeongeza ndoo 10 hamtaaminiwa tena hata kwenye jambo lililo wazi.

Nakala ziwe mbili. Moja inabaki kwa mtendaji wa kata, ya pili anaigonga muhuri wa kupokelewa na kuweka tarehe, mnarudi nayo. Bila muhuri, mwezi wa pili mtaambiwa barua haikuonekana, na aliyeipokea atakuwa amehamishwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo gumu zaidi, ambalo watu wa vikundi hulijua lakini hawalisemi hadharani: deni hufunga mdomo.

Tangu 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa inazibana halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri ikiwa na shilingi bilioni 2 za mapato yasiyofungwa na masharti mengine, milioni 80 ni za wanawake, milioni 80 za vijana, milioni 40 za wenye ulemavu. Aprili 2023 utoaji ulisitishwa ili kupanga utaratibu upya, kwa kuwa fedha nyingi zilikuwa hazirudi na vikundi hewa vilikuwa vimejipenyeza. Ulipofunguliwa tena 2024, halmashauri 10 nchini zilichaguliwa kwa majaribio ya kutoa mikopo hiyo kupitia benki, na Kigoma Ujiji ikawa mojawapo. Nyingine ziliendelea kuitoa zenyewe kwa utaratibu ulioboreshwa. Kwa hiyo mkoa huu una njia mbili kwa wakati mmoja: binti wa Ujiji anakutana na benki, binti wa Buhigwe anakutana na kamati ya halmashauri. Mtandao wa mkoa usipolielewa hilo utatoa mafunzo yaleyale kwa watu wenye milango tofauti.

Binti wa miaka 22 kwa umri ni kijana, kwa jinsia ni mwanamke. Akienda dirisha la wanawake anaambiwa ajiunge na akina mama, ambako hana hisa wala sauti. Akienda la vijana anakuta vikundi vya bodaboda vimeshajipanga, vina dhamana ya kuonekana, vina mwenyekiti anayejulikana na kila afisa. Anarudi nyumbani. Hili ni jambo la kudai kwa takwimu: kila robo mwaka, kati ya vikundi vya vijana vilivyokopeshwa, wasichana ni wangapi? Swali hilo ni la haki kabisa, na afisa maendeleo ya jamii ana majibu kwenye faili.

Nani ataliuliza? Kama mtandao wenyewe umekopa milioni 15 na umechelewesha marejesho miezi 2, hakuna mwenyekiti atakayesimama kuihoji ofisi inayomdai. Ndiyo maana tunashikilia kwamba mtandao wa utetezi usikope hata siku moja. Wakope wanachama kupitia vikundi vyao vidogo vya uzalishaji, kila kikundi na cheti chake, akaunti yake na biashara yake. Mtandao uwe ni mwavuli usio na deni. Na anayetumwa kuzungumza na halmashauri asiwe kiongozi wa kikundi kilichochelewesha rejesho.

Mwavuli huo nao unahitaji fedha, lakini kidogo kuliko watu wanavyodhani. Wanachama 25 wakichanga shilingi 500 kwa wiki, kwa wiki 48, wana shilingi 600,000. Zinatosha nauli za wajumbe wawili kwenda vikao vya robo, karatasi, nakala, na vocha. Hazitoshi posho, na ni vizuri zisitoshe. Mazoea ya posho yameua mitandao mingi mkoani hapa kuliko upinzani wa wazee. Mradi unakuja, kila kikao kina nauli na soda, mahudhurio yanajaa. Mradi unaisha, ukumbi unabaki na viti. Anayekuja kwa kuwa mwalo wake hauna choo atakuja tena mwezi ujao hata kama hakuna soda.

Sanduku la mfuko lifuate desturi ya vikoba: kufuli 3, funguo kwa watu 3 tofauti, na anayelala na sanduku asiwe na ufunguo wowote. Fedha inapokuwa kwenye simu, namba isiwe ya mwenyekiti peke yake. Kila mwisho wa mwezi taarifa ya miamala isomwe mbele ya wote. Vikundi vinavyoweka na kukopeshana, hata vidogo, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 imeviweka daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Wengi hawalijui hili mpaka mweka hazina ametoroka, ndipo wanagundua hawana karatasi ya kwenda nayo polisi.

Kuhusu siku za kukutana. Waratibu kutoka mjini hupanga Jumamosi saa 4 asubuhi, kisha wanalalamika kwamba mabinti wa mwaloni hawana mwamko. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi kukiwa na giza. Asubuhi za giza binti yuko mchangani anageuza dagaa, na akiondoka amepoteza kibarua. Mbalamwezi inapokuwa pevu uvuvi hupungua sana. Hizo ndizo siku zake za kukutana. Kwa mabinti wa mashamba ya maharage na mahindi huko Kasulu na Kibondo, hesabu ni nyingine: mvua za mwanzo zikianza usiwaite mchana. Mkutano upangwe kwa mwezi wa mbinguni na kwa jembe.

Mawasiliano pia. Kundi la WhatsApp linawaacha nje wenye kitochi, na hao ndio wengi pembezoni. Kila mwenye simu janja apewe majina 5 ya kuwapigia, na apige, asitume ujumbe tu, kwa kuwa baadhi hawasomi kwa urahisi au simu ni ya mume. Na kila nafasi ya uongozi iwe na watu wawili kutoka kata tofauti. Msichana wa umri huu huhama. Akiolewa akaondoka na daftari, mtandao usianze moja.

Ukaribu na vyama vya siasa hauepukiki, hasa baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 na uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, kwani mabinti wenye ujasiri wa kusema ndio wanaoombwa kuchukua fomu. Wachukue. Tunawahitaji humo ndani. Lakini siku mtu anapochukua fomu aache uongozi wa mtandao na kubaki mwanachama, la sivyo kila hoja itakayopelekwa itahesabiwa kuwa kampeni.

Kuna kosa moja ambalo madhara yake hayarekebishiki, nalo ni mtandao kugeuka baraza la kusuluhisha kesi za ukatili. Binti amebakwa, dada wa mtandao wanakaa na familia zote mbili, wanaandika makubaliano, wanadhani wamesaidia. Wamepoteza ushahidi, na wamempa mtuhumiwa karatasi ya kujitetea. Kesi ya mtu mmoja hupelekwa mahali pake, na kazi ya mtandao ni kumsindikiza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120 lakini nguvu yake hupungua kila saa inayopita. Kwa hiyo hospitali kwanza au dawati la polisi la jinsia na watoto kwanza, lolote lililo karibu, lakini leo. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa unyevu huozesha ushahidi. Akiwa mtoto, namba 116 hupigwa bure. Jina lake lisitajwe kwenye kundi la simu, wala kata yake, wala shule yake.

Mtandao unachobeba kwenda kikaoni ni mfumo: dawati halina chumba cha faragha, gari halina mafuta, kituo cha afya hakina dawa hizo usiku. Hayo yana vifungu vya bajeti. Kuhusu ndoa za utotoni, mfumo wenyewe uko Dodoma. Mahakama Kuu ilitamka Julai 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 vinakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani ilithibitisha Oktoba 2019, na mwaka mmoja uliotolewa wa kurekebisha ukapita bila marekebisho. Halmashauri haiwezi kuibadilisha sheria hiyo. Inachoweza ni kufuatilia waraka wa Novemba 2021 unaowaruhusu waliokatishwa masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi shuleni: kata kwa kata, waliorudi ni wangapi na waliosalia wako wapi. Swali hilo halina gharama. Linahitaji mtu wa kuliuliza kila muhula, kwa mtendaji yuleyule, kwa sauti ya upole ileile.

Baada ya Februari kazi haijaisha. Omba nakala ya makisio yaliyopitishwa, tafuta kifungu chenu, andika namba yake kwenye daftari la mtandao na ukurasa uliokutwa. Kupitishwa si kupokea fedha. Vifungu vingi vya mapato ya ndani hubaki na sifuri kwa kuwa makusanyo yalipungua, na fedha iliyopatikana ikaenda kwa walioisumbua. Robo ya kwanza inafungwa Septemba 30. Wiki ya pili ya Oktoba mabinti wawili, mmoja wa zamani na mmoja mgeni ili ajifunze njia, waende kwa mtendaji wa kata wakiwa na ile nakala yenye muhuri na swali moja: kifungu cha chanja kimetolewa shilingi ngapi mpaka leo?